Tairodi za Gari la Patsy

Jumanne, 14 Februari 1978. Moroni

Combo kaniita ofisini. Ofisi! Ni chumba kile kile cha kuchajia betri, ila sasa kina meza. Mkuu wa gereji ya serikali, mwaka juzi alikuwa bado na mkoba wa shule, na mimi nimeanza kulala chini ya magari kabla mama yake hajaolewa. Haya, ndiyo mapinduzi. Kaniambia nikae. Zama hizi mtu akikuambia ukae, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe: Landrova la kijiji cha Patsy limeacha barabara. Lile lile nililolitengeneza hapa mwezi wa Novemba likapakiwa kwenye boti kwenda Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kubebea mchele na wagonjwa. Kwenye kona moja chini ya Patsy limekataa kugeuka, limeingia kwenye mikarafuu. Hakufa mtu. Lakini ndani alikuwamo mwenyekiti wa kamati ya huko, amevunjika mkono. Dereva kafungwa. Wanasema ni hujuma.

"Wanataka fundi aende akathibitishe," Combo akasema.

Kuthibitisha nini? Aliongea huku anaitazama mikono yangu, si uso. Stelingi ya gari lile niliifunga kwa mikono hii, basi mhujumu ni dereva au ni mimi. Combo ameshapiga hesabu hiyo. Ndiyo maana safari kanipa mimi.

Naandika Kiswahili kama kawaida yangu, tangu nilipotoka Unguja nilikozaliwa. Hapa gerejini vijana wanasoma Kifaransa na wazee wanasoma Kiarabu. Daftari linakaa kwenye sanduku la spana, chini ya matambara ya grisi. Hakuna mwanakamati atakayetia mkono humo.

Jumatano, 15 Februari

Saandia amenifungia mikate na chupa ya pilipili. Hakulia. Mke wangu ni mtu wa Badjanani hasa, mtaa wa kale wa hapa Moroni, nyumba tunayolala ni yake kama desturi yao ilivyo, na akisema neno ujue amelichuja kutwa nzima. "Tazama gari, baba Zaitoun. Usitazame watu." Nikamwambia gari ndiyo kazi yangu. Akasema: "Najua. Lakini hawakuiti kwa ajili ya gari."

Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Novemba nilitia tairodi mbili mpya, yaani vile vichwa viwili vya fimbo inayoyageuza magurudumu ya mbele pamoja. Mpya kabisa, bado zimo ndani ya karatasi! Nilipewa na askari mmoja wa Kitanzania aliyefurahi kupata mtu wa kupiga naye soga. Tangu Wafaransa waondoke, hapa hata nati mpya ni ndoto. Nililijaribu gari mwenyewe mpaka Mvouni na kurudi, kona zote zile, kwa mkono mmoja. Tairodi mpya haifi kwa miezi mitatu. Haifi!

Basi kuna mtu. Nani? Dereva? Combo mwenyewe? Siku ya kupakia alikuwa akilizunguka gari lile kama mnunuzi.

Ijumaa, 17 Februari. Mutsamudu

Boti imetutapisha wote, wacha Mungu na wasiomcha. Nimeshuka, nikakuta napokewa. Mwenyekiti wa kamati ndiye huyu: anaitwa Ambari, ndevu ndiyo kwanza zinaota, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Hakuniambia kwezi wala salamu yoyote anayopewa mtu wa rika langu. "Kamaradi fundi," basi. Hata hivyo sanduku langu amelibeba yeye, kwa mkono uliobaki. Sijui nilichukulieje hilo.

Tumepanda gari la kamati. Nalo ni Landrova, umri ule ule, mgongo umeoza kwa kutu. Lakini stelingi! Dereva wake anashika kwa vidole viwili na gari linakwenda limenyooka. Nikaona wivu kidogo. Njiani Ambari akanieleza kesi yote bila kuulizwa. Dereva anaitwa Mouridi. Yeye Ambari amevunjika, Mouridi hana hata mkwaruzo. "Anayejua kitakachotokea hujishikilia mapema," akasema. Jumamosi ya wiki ijayo watu wataitwa uwanjani, mimi nitasimama nieleze stelingi ilifanywa nini. *Ilifanywa.* Hukumu imeshaiva, wanatafuta wa kuipakua tu.

Wamenipa chumba kwenye nyumba moja ndani ya mji wa kale, ya mwanamke anayeitwa Bahiat. Ameniletea mataba, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa nazi, na wali kiduchu. Ameweka sahani, akasimama mlangoni. "Kaka fundi, bora ulijue kutoka kwangu. Huyo dereva aliyefungwa ni mume wangu."

Kijiko kikanibaki hewani! Kwa nini wameniweka hapa? Ili nikila waseme nimehongwa? Ili mwanamke asikilize ninachosema usingizini? Bahiat aliona ninavyokichunguza chakula. Akasema: "Ningekuwa nahonga ningetafuta samaki."

Nimekula. Kukataa chakula cha mwenye nyumba siwezi, hata nikiogopa. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo limenitia mashaka.

Jumamosi, 18 Februari

Gari limewekwa kwenye banda la zamani la kuvukizia mlangilangi. Mwenye shamba amekimbia, harufu imebaki. Kutwa nzima kichwa kimejaa manukato kama niko kwenye harusi, na harusi kubwa zenyewe zimepigwa marufuku.

Bodi imebonyea mbele, taa moja hakuna. Gurudumu la kushoto linatazama baharini, la kulia linatazama mlimani. Ina maana fimbo inayoyaunganisha imeachia. Lakini imeachia kwa sababu gani? Hapo ndipo pa kupimwa. Na stelingi haipimwi na mtu mmoja. Lazima mmoja akae juu atikise usukani pole pole, mwingine alale chini aweke kiganja kwenye kila kiungo kimoja kimoja. Kiungo kizima kinakwenda pamoja na mwenzake. Kilichokufa kinachelewa, halafu kinaruka. Jicho linaweza kudanganywa, kiganja hakidanganyiki.

Sasa nimpate wa kukaa juu! Mlinzi wa mlangoni: hapana, yeye kazi yake kulinda. Mchukuzi mmoja wa bandarini: mgongo unamuuma. Muuza mkaa akacheka tu, akaenda zake. Hakuna anayetaka kusemwa kesho kwamba aliligusa gari lile.

Mchana akaja mtu mzima, Sounhadj, fundi wa mashine za bandarini, fundi wa pekee mji huu. Aliishia mlangoni. Mgeni wa kawaida hutazama bodi iliyobonyea. Huyu macho yalikwenda moja kwa moja chini ya bampa, yakatoka upesi. Akaniuliza nalala wapi, ninakula nini. Akasema nikihitaji mashine ya kukereza niende kwake. Wema mwingi huo, kwa mtu ambaye hajanijua hata saa moja.

Jumapili, 19 Februari

Aliyekaa juu ni Bahiat.

Asubuhi nilikuwa nanung'unika peke yangu barazani, akasikia. Nilipofika bandani nikamkuta ameshafika, anabishana na mlinzi: "Gari la umma, na mimi ni umma. Kipi kinakataza?" Kijana akasogea pembeni. Bahiat akaifunga shiromani, nguo yake ya kujifunikia, kiunoni na kupanda. Vijana wanawaambia wanawake waache kujifunika, basi leo ameitikia wito kwa namna yake.

Nikamwambia usukani aupeleke kulia kidogo, kushoto kidogo, kama anachekecha unga. Akauchekecha vizuri kuliko vibarua wangu wote wa Moroni.

Nimeanzia juu. Boksi la stelingi: limechoka, lakini bado linafaa. Chuma cha wima kinachopita katikati ya chesisi: kimelegea, ndani kimeliwa na kutu. Kingipini, vile vyuma ambavyo gurudumu hugeukia, za magurudumu yote mawili: bushi zimekwisha, gurudumu linayumba kama jino bovu. Haya yote niliyajua Novemba, bushi nilikosa, niliandika na nikamwambia Combo. Hayo ni uzee, hayaangushi gari. Nikafika kwenye tairodi. Ya kulia: kitufe kinaruka ndani ya kikombe chake. Ya kushoto: kitufe kimechomoka kabisa, kikombe kimelika mpaka mdomo umekuwa mpana kama sufuria.

Nikaifuta grisi. Nikafuta tena. Nikatoka chini ya gari, nikakaa sakafuni.

Si zangu.

Kila tairodi ninayofunga naipiga nukta kwa ncha ya chuma, moja kwenye nati na moja kwenye shingo, zitazamane. Nati ikizunguka nitajua. Huu ni mtindo wangu tangu Unguja, sijamwona mwingine anaufanya. Hizi hazina nukta. Na chuma chenyewe ni cha zamani, kimekula miaka na miaka. Kuna mtu kang'oa tairodi zangu mpya akatia hizi maiti!

"Umeona nini?" Bahiat akauliza kutoka juu.

"Grisi tu."

"Kaka fundi, mimi mke wa dereva. Mwanamume akinificha jambo la gari namjua kwa sauti."

Nikajitia nafuta spana. Akaanza yeye: tangu Desemba Mouridi alikuwa akirudi anauma meno, gari linatangatanga barabarani. Akaenda kamati kusema. Mara ya kwanza wakamwambia asubiri. Ya pili wakamwambia anakosa moyo wa mapinduzi. Akanyamaza, akawa anapita ile kona ya Patsy kwa mwendo wa maiti.

Ndiyo. Lakini mke atasema nini kingine? Na dereva ndiye anayelala na ufunguo wa gari. Tairodi mpya mbili leo zinaweza kukununulia urafiki wa mtu yeyote. Sijamwondoa Mouridi kwenye orodha yangu, naye Bahiat nadhani amelijua hilo, kwani jioni mataba yamekuja na chumvi nyingi.

Jumatatu, 20 Februari

Usiku wa Maulidi ulipita kimya. Watu wamesoma ndani, madirisha yamefungwa kwa kuiogopa kamati. Bahiat na majirani wake walisoma kwa sauti ya kunong'ona chumba cha pili, nami nikawa naitikia huku kwangu. Moyo ulinilainika, nasema kweli. Asubuhi ukakakamaa tena.

Nimekwenda kwa Sounhadj kukereza bushi. Shaba ametoa yeye, kipande kizito kutoka kwenye tishari lililozama. Anakereza vizuri sana, lazima nikiri. Hapimi mara mbili. Lakini kwa nini anifanyie haraka hivi? Na kwa nini jasho, wakati upepo wa bahari unapita dirishani?

Ukutani kwake umetundikwa uma wa kung'olea tairodi. Bila uma ule kichwa cha tairodi hakitoki, labda ukivunje kwa nyundo. Vifaa vingine vyote pale vina vumbi. Uma ule ncha zake zinang'aa.

Ni yeye! Ameziuza. Nilitaka kumkaba pale pale. Lakini ana mashine na mimi nina bushi mbili bado hazijakerezwa, basi nikamshukuru.

Jumanne, 21 Februari

Nimechoka, siandiki sana. Kile chuma cha katikati kimetoka leo. Ndani yake kuna springi yenye hasira: ukifungua ovyo inaruka na kukutoa meno. Nimeifunga kamba kwanza, Bahiat akashika upande wa pili bila kupepesa. Nimesafisha, nimetia bushi ya shaba, kimerudi kinakwenda laini. Kingipini nazo zimekaa. Gurudumu la kulia haliyumbi tena hata nikilipiga teke.

Tairodi zile maiti nimezipasua kofia, nikatia bati chini ya kitufe na kuzifunga upya. Zitafaa kulisogeza gari bandani. Kupandia Patsy na magunia ya mchele, hapana. Kwa hilo zinatakiwa zangu.

Jumatano, 22 Februari

Sijui nianzie wapi.

Ambari alikuja asubuhi na gari la kamati. Kapata habari kwamba nina bomba la grisi. "Kamaradi fundi, na langu nalo ulitie mafuta kidogo." Hana wasiwasi wowote. Akakaa kwenye pipa, akaanza kunisomea hotuba atakayoisoma Jumamosi. Nikaingia chini ya gari lake.

Niko na bomba mkononi, natafuta chuchu ya grisi upande wa kushoto. Nikaona nukta. Moja kwenye nati, moja kwenye shingo, zinatazamana.

Nikajivuta upande wa kulia. Nukta na nukta.

Huko juu sauti inasoma: "Maadui wa wananchi wamejificha hata ndani ya vyuma vyetu." Nami chini nimelala na tairodi zangu, nilizozifunga kwa ajili ya mchele na wagonjwa. Ndizo zilizonileta kutoka bandarini siku ya kwanza zikinifanya nione wivu! Niliuonea wivu mkono wangu mwenyewe.

Nilitia grisi. Nilitoka. Nilisema hotuba ni nzuri.

Naogopa. Dereva kafungwa na mtu ambaye gari lake limebeba ushahidi. Nikisema hujuma ya Mouridi, namwangamiza mtu asiye na kosa. Nikisema chuma kilichoka, wataniuliza nani alikifunga, na jina langu ndilo la mwisho. Nikisema kweli, nitaisema mbele ya nani? Anayeuliza ndiye huyo huyo.

Na bado sijui: Ambari aliiba, au hajui hata kidogo? Mtu anayejua hakupi gari lake ulitie grisi. Au ndivyo anavyotaka nifikiri?

Alhamisi, 23 Februari

Nimekwenda kwa Sounhadj mapema, kabla hajafungua vizuri. Nikamwonyesha ule uma ukutani. Nikasema: "Kwezi, mkubwa wangu. Za kwangu nimeziona ziliko." Basi.

Alikaa juu ya benchi la mashine kama gunia lililotupwa. Yote akayasema. Desemba, gari la kamati lilianza kutangatanga. Ambari alimwita, akamwambia lile la Patsy limetoka Moroni na vyuma vipya, badilisha. Sounhadj akasema, na Patsy je? Ambari akamjibu kwa upole, kama mwalimu: mali ya umma ni moja, hakuna chuma cha huyu na chuma cha yule, ukitoa mkono wa kulia ukatia wa kushoto mwili ni ule ule. Gari la kamati lina kazi nyingi zaidi. La Patsy linabeba magunia tu.

"Nikamwambia zile kuukuu zitachomoka siku moja," Sounhadj akasema. "Akasema zipelekwe pole pole."

Na Mouridi? Mouridi hakuambiwa. Alikuwa kwenye mazishi kijijini siku ile, karudi kakuta gari lake lipo pale pale. Halafu juzijuzi gari la kamati likaishiwa petroli, Ambari akadandia la Patsy ili awahi mkutano, na akamhimiza dereva aongeze mwendo.

Yaani kijana huyu amejivunja mkono mwenyewe! Na nadhani hajui. Hakuiba kwa jinsi wezi wanavyoiba. Ameamini kweli kwamba tairodi ni tairodi, na kwamba ukigawa vizuri hata uchovu wa chuma unagawanyika. Ningecheka kama Mouridi hangekuwa amefungwa.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza Sounhadj.

"Wewe utasema?"

Nikatoka. Namchukia kwa swali lile.

Jioni Bahiat alileta chakula, ila hakuondoka. Alikaa chini. "Kesho kutwa utasema nini?" Nikamwambia sijui. "Angalau hujasema grisi," akasema, akanisogezea sahani. Nilitamani kumwambia yote. Lakini akijua atapiga kelele, na akipiga kelele watamchukua na yeye. Au ni mimi tu sitaki kumwamini mtu? Saandia huniambia kwamba nikifika peponi nitaangalia kwanza chini ya kitanda.

Ijumaa, 24 Februari

Nimeswali msikitini, safu ya nyuma, mgongo kwenye ukuta. Baada ya swala nikamkuta Ambari nje ya banda. Kaja na gari lake, peke yake, kataka tupitie maneno ya kesho. Plasta imechafuka, ana uso wa mtu asiyelala. Nikaona, sasa au basi.

"Lala chini," nikamwambia.

"Nini?"

"Umesema hujuma iko ndani ya vyuma. Lala chini uvione vyuma."

Sikutegemea atakubali, lakini alikubali. Akajitandaza kwenye grisi na shati lake la kamati, mkono mbovu juu ya kifua. Kwanza chini ya gari la Patsy: nikaifungua tena tairodi ya kushoto, nikamwonyesha kikombe kilicholika, nikamwambia aingize kidole. Akaingiza. Halafu chini ya gari lake mwenyewe: nikamwonyesha nukta zangu, nikatoa mfukoni ile ncha ya chuma inayokaa sawasawa ndani ya nukta ile. Nikapanda juu nikautikisa usukani, yeye kiganja juu ya tairodi. Hakuna kilichochelewa, hakuna kilichoruka.

Nikasikia akikwangua grisi kwenye chuma.

"Fundi," akasema. Si kamaradi. "Mimi nilidhani ni kitu kimoja."

Nusura nimwonee huruma. Ni mtoto wa watu. Angekuwa wangu ningempiga kofi na kumpa maji. Alitoka, akajipangusa, na nikaona uso unavyofunga mlango mmoja baada ya mwingine. Akauliza nani mwingine ameziona hizo nukta. Nikasema hakuna. Si Sounhadj, si mwanamke, hakuna. Akauliza mara ya pili, nikarudia.

Basi akatembea mpaka kwenye sanduku langu la spana, moyo ukanipasuka, daftari! Alichotoa ni tupa. Akaiweka juu ya boneti.

"Futa," akasema. "Nikirudi nataka chuma kisafi. Mimi naenda kumtoa Mouridi, namleta hapa hapa, na kesho uwanjani utasema ilikuwa ajali ya uzee. Kila mtu atakwenda kwake."

Nikamwambia alete Mouridi kwanza, nifute baadaye. Akasema hapana, futa kwanza. Akatoka kwa miguu, gari lake kaliacha na ufunguo kachukua. Mlinzi yuko mlangoni.

Naandika nimekaa sakafuni, mgongo kwenye gurudumu. Nikizifuta, Mouridi anatoka, kwa ahadi yake tu. Nikizifuta, sina tena kitu cha kumshikia atimize. Hata mimi mwenyewe sitakuwa na kitu. Kesho anaweza kusimama akasema ilikuwa uzee na fundi wa Moroni aliuficha. Nisipozifuta, akija na wenzake badala ya Mouridi, watazifuta wao pamoja na mimi. Na je, akiwa mkweli? Ikiwa kijana amelala chini ya gari mara moja maishani mwake na ameelewa, na mimi ndiye ninayemweka mtu gerezani kwa ubishi wangu?

Nimefuta ya kushoto. Imechukua muda mfupi, chuma kikabaki cheupe. Ya kulia nimeiacha, nimeipaka grisi nzito juu. Hiyo nitaifuta nikimwona Mouridi kwa macho yangu.

Wanakuja. Nimeingia chini ya gari la kamati, naandika nimelala ubavu. Naona miguu mlangoni. Viatu vya Ambari. Mlinzi. Na jozi ya tatu, ndala, miguu ina vumbi, inasimama kama miguu iliyozoea kusimama.

"Toka, fundi," Ambari anasema. "Huyu hapa Mouridi wako."

Mungu wangu. Mouridi mimi sijawahi kumwona. Anayeweza kuniambia ndiye au siye ni Bahiat, naye yuko nyumbani.

Ambari ameita tena. Nitamwuliza huyu mwenye ndala gari la Patsy lilikuwa likimvuta upande gani tangu Desemba. Aliyeushika usukani wake hawezi kukosea jibu, mikono itajibu kabla ya mdomo. Tupa ninayo. Grisi bado imekaa juu ya nukta. Nimeuliza kutoka huku huku chini, kwa sauti kubwa, wote wamesikia, na zile ndala hazijasogea. Akijibu sawa nafuta ya kulia; akikosea, nukta inabaki